Ukuta wa Leicester Baada ya Ubingwa

Kupata ni kazi, na kuhifadhi kilichopatikana ni kazi nyingine. Watu wengi hujiandaa kwa kazi ya kwanza muda wa miaka mingi, lakini ya pili huwakuta wangali katika vigelegele. Jambo hili ni kweli kwa wafalme na wafanyabiashara, na ni kweli pia kwa timu za kandanda. Timu iliyoshindwa hupata washauri wengi, kwa kuwa kasoro zake zi wazi mbele ya kila mtu. Timu iliyoshinda kasoro zake hufunikwa na sifa. Kwa sababu hiyo miezi michache inayofuata ubingwa ni wakati wa hatari kwa wale wenye kazi ya kuchagua wachezaji, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi katika safu ya ulinzi. Habari ya klabu ya Leicester City ya Uingereza ni mfano bora wa jambo hili.

Leicester ni mji ulio katikati ya nchi ya Uingereza. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1884, na kwa muda wa miaka zaidi ya 130 haikupata kuwa bingwa wa ligi kuu. Iliwahi kukaribia mara moja tu, ilipokuwa ya pili mwaka 1929. Wakati wa Krismasi ya mwaka 2014 ilikuwa mkiani mwa ligi, na iliokoka kushushwa daraja kwa kushinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho. Mwezi wa Julai 2015 akaja kocha mpya, Mwitaliano Claudio Ranieri. Wacheza kamari waliahidiwa pauni 5,000 kwa kila pauni 1 endapo Leicester ingetwaa ubingwa. Ahadi ya namna hiyo hutolewa kwa jambo ambalo mtoaji hatazamii hata kidogo kuliona.

Ngome ya timu hii haikujengwa kwa fedha nyingi. Nahodha wake, Wes Morgan, mchezaji wa taifa la Jamaika, alitoka Nottingham Forest mwaka 2012. Robert Huth, Mjerumani, alitoka Stoke City, kwanza kwa mkopo, kisha kwa pauni milioni 3 tu. Danny Simpson, mlinzi wa kulia, alitoka Queens Park Rangers. Christian Fuchs, mlinzi wa kushoto, nahodha wa taifa la Austria, alikuja bila ada baada ya mkataba wake na Schalke kwisha. Nyuma yao alisimama mlinda lango Kasper Schmeichel wa Denmark. Walikuwa watu wazima ambao klabu nyingine ziliona kuwa siku zao bora zimepita.

Hata hivyo, ukuta haukusimama siku ya kwanza. Katika mechi 9 za mwanzo za msimu wa 2015 hadi 2016, Leicester ilifungwa mabao 17, na hapakuwa na mechi hata moja iliyokwisha bila nyavu zake kutikiswa. Tarehe 26 Septemba 2015 Arsenal waliwafunga mabao 5 kwa 2 nyumbani kwao. Baada ya kipigo hicho Ranieri aliwaondoa walinzi wake wawili wa pembeni, akawaweka Simpson na Fuchs mahali pao. Kisha aliwaahidi wachezaji kwamba siku watakayomaliza mechi bila kufungwa atawanunulia piza. Siku hiyo ilikuwa tarehe 24 Oktoba, walipowashinda Crystal Palace bao 1 kwa 0, na ahadi ikatimizwa. Katika mechi 29 zilizobaki ngome ile iliruhusu mabao 19 peke yake. Kati ya Februari na Aprili 2016 Leicester ilishinda mechi 5 kwa bao 1 kwa 0. Ilitawazwa bingwa ikiwa na pointi 81, kumi zaidi ya Arsenal walioshika nafasi ya pili.

Ni lazima tueleze jinsi ukuta huu ulivyofanya kazi, kwa maana bila kujua hivyo hatuwezi kuhukumu maamuzi yaliyofuata. Morgan na Huth walikuwa wakubwa wa mwili na hodari wa mipira ya kichwa, lakini hawakuwa na mbio. Mlinzi asiye na mbio akiachwa katika uwanja wazi hupitwa na kila kijana mwepesi. Ranieri alilifahamu jambo hilo. Aliirudisha ngome nyuma, karibu na lango, ili pasibaki nafasi ya adui kukimbilia. Adui aliachiwa pembe za uwanja, akapiga mipira ya juu kuelekea langoni, na mipira hiyo ikaangukia juu ya vichwa vya Morgan na Huth. Mbele ya ngome alikuwako kiungo Mfaransa, N'Golo Kanté, mtu mfupi wa kimo na mpole wa tabia, aliyenunuliwa kutoka Caen mwaka 2015. Huyu alikimbia bila kuchoka, akinyang'anya mipira kabla haijafika kwa walinzi. Katika msimu ule hapakuwa na mchezaji katika ligi nzima aliyemzidi kwa kazi hiyo. Morgan na Huth hawakuhitaji mbio, kwa sababu Kanté alikimbia kwa niaba yao.

Msimu ulipokwisha, wakuu wa Leicester walikabiliwa na maswali matatu. Swali la kwanza lilihusu wale walinzi wanne. Morgan alikuwa na miaka 32, Huth alikuwa akielekea miaka hiyo hiyo, Fuchs alikuwa na 30, na Simpson 29. Je, waendelee nao au watafute vijana? Klabu iliamua kuendelea nao, na Morgan na Huth wakapewa mikataba mipya. Swali la pili lilihusu Kanté, aliyetakiwa na Chelsea. Mwezi wa Julai 2016 aliondoka kwa ada ya zaidi ya pauni milioni 30. Swali la tatu lilihusu matumizi ya fedha. Sehemu kubwa ilikwenda kwa washambuliaji: Islam Slimani wa Algeria na Ahmed Musa wa Nigeria, kila mmoja akivunja kwa zamu yake rekodi ya bei katika klabu ile. Kwa ngome alisajiliwa Luis Hernández kutoka Uhispania, bila ada. Mahali pa Kanté aliletwa Nampalys Mendy kutoka Nice.

Yaliyofuata yalikuja upesi. Tarehe 13 Agosti 2016 Leicester ilifungua msimu ugenini kwa Hull City, timu iliyokuwa imepanda daraja karibuni. Huth alikuwa amefungiwa, na Hernández akasimama kando ya Morgan. Leicester ilishindwa mabao 2 kwa 1, ikawa timu bingwa ya kwanza kupoteza mechi ya kufungua msimu tangu Arsenal mwaka 1989. Mendy aliumia katika mechi ya pili, asionekane kwa miezi mingi. Daniel Amartey wa Ghana, ambaye kwa asili ni mlinzi, alisogezwa mbele kuziba pengo. Liverpool waliwafunga 4 kwa 1, Manchester United wakawafunga 4 kwa 1, na Chelsea, wakiwa na Kanté miongoni mwao, wakawafunga 3 kwa 0. Katika ligi Leicester haikushinda mechi yoyote ya ugenini mpaka tarehe 18 Machi 2017. Tarehe 23 Februari 2017, miezi tisa tu baada ya sherehe za ubingwa, Ranieri alifukuzwa kazi. Timu yake ilikuwa ya 17, pointi moja tu juu ya shimo la kushushwa daraja.

Wengi walisema kwamba walinzi wale walizeeka, na kwamba klabu ilikosea kuwalipa fadhila kwa mikataba badala ya kuwaaga kwa heshima. Hukumu hiyo ina chembe ya ukweli. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kocha anayeogopa kumweka benchi shujaa wa jana huweza kujutia huruma yake. Lakini hukumu hiyo haitoshi. Katika michuano ya mabingwa wa Ulaya ya msimu ule ule, Leicester ilicheza mechi 4 za mwanzo bila kufungwa bao lolote, ikaongoza kundi lake, ikafika robo fainali. Tena, siku nne baada ya Ranieri kuondoka, walinzi wale wale wanne walisimama chini ya Craig Shakespeare, aliyekuwa msaidizi wake, wakawashinda Liverpool mabao 3 kwa 1. Timu ilishinda mechi 5 za ligi mfululizo. Mtu hazeeki Agosti akarudia ujana Februari. Basi yako mambo mengine yaliyoharibika mbali na umri.

Jambo kubwa ni hili: wakuu wa Leicester walihifadhi majina wakadhani wamehifadhi ukuta. Mwashi hujua kwamba mawe bila chokaa ni fungu la mawe. Morgan, Huth, Simpson na Fuchs walikuwa mawe, na Kanté alikuwa chokaa. Alipoondoka, adui alifika mbele ya walinzi akiwa bado na mpira mguuni na nafasi ya kutosha, na udhaifu uliofichwa mwaka mzima ukafunuliwa siku moja. Hata dawa iliyopatikana inathibitisha hivyo. Mwezi wa Januari 2017 klabu haikununua mlinzi ghali. Ilimnunua Wilfred Ndidi wa Nigeria, kiungo wa miaka 20, mnyang'anyi wa mipira, na tangu hapo ngome ilianza kupumua. Walakini hasara ilikwisha ingia: mwisho wa msimu Leicester ilikuwa ya 12, na mabao ya kufungwa yalikuwa yamepanda kutoka 36 hadi 63. Chelsea walikuwa mabingwa, na Kanté akachaguliwa na wachezaji wenzake kuwa mchezaji bora wa mwaka.

Itasemwa kwamba klabu ndogo haina nguvu ya kumzuia mtu anayeitwa na klabu kubwa. Hilo ni kweli, na haifai kuwalaumu kwa kuuza. Lakini anayelazimika kuuza ng'ombe wake wa maziwa anapaswa kufikiri watoto watakunywa nini kesho yake. Leicester ilipata fedha nyingi, ikazitumia zaidi katika kutafuta mabao, hali pengo lilikuwa upande mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wala Leicester haikuwa ya kwanza kufunzwa hivyo. Manchester City walikuwa mabingwa mwaka 1937. Msimu uliofuata walifunga mabao 80, mengi kuliko timu yoyote katika daraja lile, lakini wakafungwa 77, wakashushwa. Ipswich Town walitwaa ubingwa mwaka 1962 chini ya Alf Ramsey, wakiwa na kikosi cha watu wasiojulikana sana. Msimu wa pili walikuwa wa 17. Mwaka 1963 Ramsey alikwenda kuiongoza timu ya taifa, na katika msimu ulioishia 1964 Ipswich walifungwa mabao 121, wakashuka wakiwa wa mwisho kabisa. Kila mara sifa za mwaka uliopita zilidhaniwa kuwa ni ngao ya mwaka unaokuja.

Leicester walijifunza kwa kiasi fulani. Mwaka 2017 walimnunua Harry Maguire kutoka Hull City, akakaa pamoja na Morgan na kujifunza kazi, na mwaka 2019 wakamuuza kwa Manchester United kwa pauni milioni 80, bei ambayo hapakuwa na mlinzi aliyewahi kulipiwa. Safari hii warithi walikuwako kabla ya mwenye nafasi kuondoka: Jonny Evans na Çağlar Söyüncü walikuwa wamesajiliwa mwaka mmoja mbele. Tarehe 15 Mei 2021 klabu ilitwaa Kombe la FA kwa mara ya kwanza, na Morgan, akiwa na miaka 37, aliingizwa dakika za mwisho kulinda bao lile moja lililowashinda Chelsea. Lakini mafunzo husahaulika. Mwaka 2022 waliondoka Schmeichel na mlinzi kijana Wesley Fofana katika majira yale yale. Msimu uliofuata Leicester ilifungwa mabao 68, ikashushwa daraja mwaka 2023, miaka saba tu baada ya ubingwa.

Kijana msomaji, huenda hutakuwa kocha wala mwenye klabu. Lakini huenda siku moja ukakabidhiwa shule, duka, chama au shamba lililostawi mikononi mwa watu hodari. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na Leicester hawakukosea kuwatunza watu wao wa zamani. Walikosea kutouliza ni kitu gani kilichowafanya watu wale wawe imara walipokuwa pamoja. Uliza swali hilo siku ya ushindi, wakati ngoma zingali zikilia. Ukingoja mpaka ukuta uanguke, jibu utalipata, lakini utalipata chini ya vifusi.