Chuo Kikuu Bila Darasa

Unadhani kusoma ukiwa mbali na chuo kulianza na Zoom? Wapi! Tangu 1858 Chuo Kikuu cha London kiliruhusu wasiohudhuria darasani kufanya mitihani yake. Mandela alipata shahada ya sheria mwaka 1989, akiwa bado kifungoni, kupitia UNISA ya Afrika Kusini, iliyofundisha kwa posta.

Masomo hayo yaliandaliwa kwa mtu aliye mbali: kitabu kilimfuata, akasoma kwa nafasi yake. Korona ilipofunga vyuo vya Kenya Machi 2020, baadhi vilihamishia vipindi vilevile kwenye simu, na bando mwanafunzi ajinunulie. Mtandao ukikatika, kipindi kimekupita. Kwa hiyo ukisikia wanafunzi wa mtandaoni ni wavivu, uliza kwanza: somo hilo liliandaliwa kwa ajili ya nani?