Hela Tatu za Tembe la Bibi

Mjomba aliuza maksai wawili ili apate mchango wake wa detekta. Wenzake watatu wakaongezea, na mwenye mashine akaja Ilongero kwa bodaboda, mashine yenyewe kaifunga ndani ya gunia la mahindi, kana kwamba kijiji kizima hakijui. Walikuwa wanatafuta mali ya Mjerumani. Aliyekulia Singida anaijua hadithi: Mjerumani alipokimbia vita alifukia masanduku ya dhahabu, akaacha alama kwenye jiwe au mbuyu, akitegemea kurudi.

Nasomea shahada ya uzamili ya historia, kwa hiyo swali likaja kwangu. "Wewe msomi, njia ya zamani ilipita wapi hapa?"

Jibu langu liliwachosha. Njia kuu ya misafara, Bagamoyo hadi Tabora, ilipita kusini kwetu, Ugogo na Mgunda Mkali. Unyaturu alipita Stanley mwanzoni mwa 1875 akielekea Ziwa Viktoria, akapigana na wenyeji Vinyata. Na misafara haikubeba sarafu za kudondosha njiani. Ilibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba, maana hivyo ndivyo vilivyonunua chakula na kulipa hongo kwa watemi. Detekta kwenye njia ya msafara itakupa waya na chuma.

Sarafu ililetwa na kodi. Kodi ya kibanda ilianza 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, ingawa mwanzoni wengi walilipa kwa mazao au kwa kufanyishwa kazi. Kuanzia 1904 rupia moja ikawa heller 100. Hiyo heller ndiyo tuliyoigeuza kuwa hela. Mjomba alikuwa anaitamka kila siku.

"Na dhahabu?" akauliza.

Dhahabu ilikuwepo. Mwaka 1916, meli za Waingereza zikiwa zimewafungia bahari, Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo upande mmoja. Zilitoka 16,198, kisha Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, mkoa wetu huuhuu. Nikamwambia: "Mjomba, Mjerumani unayemtafuta hakuja kufukia dhahabu Singida. Alikuja kuifukua." Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, na nilijuta. Maksai walikuwa wameshauzwa.

Wakachimba kwenye gofu la tembe alilozaliwa bibi, kwa sababu mashine ililia pale. Sikuwepo siku hiyo. Nilipofika Jumamosi, shimo lilinifika kifuani, na udongo wa ukuta, wa sakafu na wa chini ya sakafu ulikuwa rundo moja. Walikuwa wamepata misumari, jembe lililolika hadi kubaki kama kiganja, na heller tatu za kijani zilizogandana. Moja ilisomeka 1910.

Zilizogandana! Maana yake zililala pamoja miaka mingi. Zilikuwa ndani ya ukuta, mtu kazificha? Chini ya sakafu? Kwenye majivu ya jikoni? Niliwauliza wote wanne na kila mmoja alinionyesha mahali pengine. Hata sheria haingewazuia kwa ajili ya sarafu zile: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaweka mpaka wa vitu vya kale mwaka 1863. Kuchimba bila kibali ni jambo jingine, lakini nani angeita tembe lililoanguka eneo la kihistoria?

Bibi aliletewa kigoda. Akatazama shimo, hakutazama hela.

"Hapo ndipo alipokuwa analala mama," akasema. "Ukutani alikuwa na tundu lake. Sisi watoto tulikatazwa kutia mkono."

"Alikuwa anaweka nini, bibi?"

"Si nimekwambia tulikatazwa?"

Mnunuzi wa mjini alizichukua hela zote tatu kwa bei isiyofika hata ya kwato za ng'ombe mmoja. Mjomba sasa analima kwa kuazima maksai wa jirani, na hatuongelei habari hizi mezani.

Jembe walilitupa. Nimelichukua. Liko chini ya kitanda changu hosteli, nimelifunga kwa gazeti pamoja na kikaratasi: Ilongero, tembe la zamani, upande wa mama, kina hakijulikani.