Msalaba wa Malindi na Majirani Zetu

Tunapoadhimisha jubilei ya kwaya yetu hapa Galbet, tukumbuke nguzo yenye msalaba wa jiwe iliyo ufuoni Malindi. Mwaka 1499 Vasco da Gama aliomba kuisimamisha, na mfalme wa mji, Mwislamu, akakubali. Hadi leo tunaiona.

Nasi Garissa tunajua thamani ya jirani. Jumapili, 1 Julai 2012, makanisa mawili mjini yalishambuliwa wakati wa ibada na waumini wakauawa. Siku chache baadaye viongozi wa Kiislamu walikubaliana vijana wao wasaidie kulinda makanisa.

Basi tunapoimba leo, tuwakumbuke waliotangulia, na tuwashukuru majirani walioahidi kusimama nasi mlangoni.