Mzazi Aliyejenga Shule Kabla ya Kupewa Kiti

Siku ya Jamhuri ya mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alitangaza kuwa karo imefutwa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Januari iliyofuata, karibu watoto milioni moja waliingia darasa la kwanza nchini Kenya, zaidi ya mara mbili ya wale waliotarajiwa. Madarasa ya kuwatosha hayakuwapo. Madawati hayakuwapo, walimu ndio kabisa. Serikali ilikuwa imeacha kupokea karo lakini haikuwa imetenga fedha za kujenga, kwa hiyo mzigo ukaangukia kamati za shule, yaani wazazi wenyewe. Kamati zikafanya lile zililozoea kufanya: zikatoza ada ya ujenzi. Katika shule nyingi ada hiyo ilizidi karo iliyokuwa imefutwa, na watoto wengi walioandikishwa kwa shangwe wakarudishwa nyumbani, safari hii na kamati iliyojaa majirani wa baba na mama zao.

Kisa hiki husimuliwa sana kama mfano wa sera iliyopangwa haraka. Ni kweli. Lakini kinasema pia jambo kuhusu wazazi waliojitolea kukaa kwenye kamati hizo, watu wasiolipwa hata senti, ambao walijikuta wakilaumiwa kwa uamuzi wa mtu mwingine. Historia ya kamati za shule Kenya ni historia ya mzazi anayeitwa kikaoni wakati wa kutoa, na kusogezwa kando wakati wa kuamua. Haikuanza hivyo.

Ilianza kwa ugomvi. Mwaka 1929, makanisa ya kimishonari katika nchi ya Wakikuyu, hasa lile la Uskoti na la Africa Inland Mission, yaliwataka walimu na waumini wakane tohara ya wasichana. Waliokataa walijikuta nje ya kanisa, na kwa kuwa shule zilikuwa mali ya kanisa, watoto wao nao wakawa nje ya shule. Sitetei desturi waliyokuwa wakiipigania. Leo ni kosa la jinai, na inastahili kuwa hivyo. Kinachohusu makala hii ni walichofanya baadaye. Badala ya kurudi kuomba msamaha, wazazi wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu walianza kujenga shule zao.

Mwaka 1934 shule nyingi kati ya hizo ziliungana chini ya chama cha shule huru za Wakikuyu, KISA, na nyingine zikafuata mkondo wa Karing'a, uliokuwa mkali zaidi katika kujitenga na wazungu. Kila shule ilikuwa na kamati yake ya wenyeji, na kamati hiyo haikuwa pambo. Ndiyo iliyotafuta kiwanja, ndiyo iliyokusanya karo, ndiyo iliyomwajiri mwalimu na kumlipa, na ndiyo iliyomfukuza akilewa. Wanaume walikata miti, wanawake wakabeba mawe, maji na nyasi za kuezekea. Wengi wa wajumbe hawakujua kusoma, jambo lililowachekesha maofisa wa elimu wa kikoloni. Lakini wajumbe hao walijua vizuri kabisa walichokuwa wakikitaka. Walitaka Kiingereza kifundishwe mapema, wakati serikali ikipendelea Mwafrika afundishwe useremala na kilimo kwanza. Wanafunzi wa shule ya Maseno walikuwa wamegoma kwa sababu kama hiyo huko nyuma mwaka 1908, wakikataa kazi za mikono na kudai kusoma.

Kilele cha juhudi hizo kilikuwa Githunguri. Mbiyu Koinange alirudi kutoka masomoni Marekani mwaka 1938, na Januari 1939 chuo cha walimu wa shule huru kikafunguliwa hapo. Fedha zake zilichangwa kwa marika, kila rika likishindana na lingine lisije likaaibika, na wanawake nao wakachanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 hapo ndipo alipopata jukwaa lake. Ukitaka kujua siasa ya michango nchini Kenya ilitoka wapi, usianzie kwenye neno harambee lililovuma baada ya uhuru. Anzia kwenye vikao vya Githunguri, ambako mtu alisimama mbele ya wenzake, akataja alichotoa, na jina lake likaandikwa.

Serikali ya kikoloni ilielewa hatari yake. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Githunguri ikafungwa, na ua wake baadaye ukatumika kunyongea wafungwa wa Mau Mau. Shule huru nyingine zikafungwa, na baadhi zikakabidhiwa kwa bodi za elimu za wilaya, zile DEB zilizoanzishwa katika miaka ya 1930. Ukipita vijijini leo bado utaona vibao vya shule za msingi vyenye herufi D.E.B. Wanafunzi wengi hawajui maana yake. Katika sehemu kadhaa, herufi hizo tatu ni alama ya siku ambapo wazazi walinyang'anywa shule waliyoijenga.

Uhuru ulipofika, watawala wapya walikuwa ni watu waliolelewa na siasa hiyo, na mtu angedhani wangeirudisha kamati mahali ilipokuwa. Haikuwa hivyo. Tume ya Profesa Simeon Ominde, iliyotoa ripoti yake mwaka 1964 na 1965, ilitaka elimu moja ya taifa, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikaweka shule chini ya serikali. Makanisa yakabaki wadhamini. Shule za msingi zikawa na kamati, za sekondari zikawa na bodi za magavana ambazo wajumbe wake waliteuliwa kutoka juu. Mwalimu akawa mtumishi wa tume ya kuajiri walimu huko Nairobi. Kwa mwalimu hilo lilikuwa jambo jema sana, kwani mshahara haukutegemea tena kama mavuno ya wazazi yamekuwa mazuri. Kwa kamati, lilikuwa na maana kwamba haimwajiri wala haimwachishi kazi mtu anayefundisha watoto wake. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa kuta na paa.

Na ikajenga. Kufikia miaka ya 1970, sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko zile za serikali. Nyingine zilianza katika ukumbi wa kanisa au darasa la msingi lililoachwa wazi alasiri, kwa matumaini kwamba serikali ikiona mabati yameshaezekwa itaona haya na kuleta mwalimu. Mara nyingi ilileta.

Mzigo mzito zaidi ulikuja mwaka 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4. Mtaala mpya ulidai sayansi kimu, useremala, sanaa na kilimo, na masomo hayo yalitaka karakana. Nani atajenga karakana? Agizo lilishuka kupitia machifu na maofisa wa elimu, na wenyekiti wa kamati wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na daftari la risiti. Kulikuwa na vijiji ambako kuku au mbuzi alichukuliwa pale fedha zilipokosekana. Jengo likasimama: chumba kirefu chenye madirisha ya wavu, meza ya mbao nzito katikati, jiliwa moja lililofungwa kwenye kona yake, randa mbili, misumeno michache. Miaka kumi na mitano baadaye masomo hayo yalikuwa yamepunguzwa au hayatahiniwi tena, na karakana nyingi zikageuka ghala la mahindi na madawati yaliyovunjika. Sijawahi kusikia kamati hata moja ikiombwa radhi.

Katikati ya hayo zilienea PTA, vyama vya wazazi na walimu, ambavyo kwa miaka mingi sheria haikuvitambua lakini vilikuwa na nguvu ya kutoza mzazi karibu chochote: basi la shule, ukumbi, masomo ya likizo. Serikali ilipotangaza kugawana gharama mwaka 1988, vyama hivyo ndivyo vilivyoifanya sera hiyo iwe ankara mkononi mwa mwanafunzi.

Halafu ukaja mwaka 2003, na kwa muda mfupi mambo yakapinduka. Serikali mpya ya muungano wa NARC ilifuta karo ya shule za msingi, safari hii darasa la kwanza hadi la nane. Idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Tofauti na mwaka 1974, fedha zilikuja: shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na hazikupitia ofisi ya wilaya. Kila shule ilifungua akaunti mbili benki. Shilingi 650 ziliingia kwenye akaunti ya vifaa vya kusomea, iliyojulikana kama SIMBA, na 370 kwenye akaunti ya matumizi ya jumla.

Hebu tazama maana yake. Mwenyekiti wa kamati, pengine fundi baiskeli au mama anayeuza mboga sokoni, alitia sahihi hundi pamoja na mwalimu mkuu. Kamati ndogo ya vitabu ilikaa na orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na wizara, ikabishana ni kipi kinunuliwe na kutoka duka gani. Shule zilitakiwa kubandika hesabu mahali pa wazi. Kwa hiyo kwenye mlango au ukuta wa ofisi kulibandikwa karatasi ya manila iliyopigwa mistari kwa kalamu ya wino mzito: fedha zilizopokelewa, zilizotumika, zilizobaki. Mzazi aliyempeleka mtoto shuleni angeweza kusimama na kuuliza kwa nini chaki zimegharimu kiasi hiki. Wengine waliuliza.

Wizi haukukosekana. Kulikuwa na wenye maduka ya vitabu waliotoa bahasha, na wenyekiti waliotia sahihi hundi tupu kwa sababu mwalimu mkuu aliwaambia benki iko mbali. Lakini kashfa kubwa, ile iliyofanya Uingereza isimamishe msaada wake kwa elimu ya msingi mwishoni mwa mwaka 2009, ilihusu wizara huko Nairobi, si akina mama wa kamati. Hilo husahaulika kila mara mtu anaposema kwamba wazazi wa kijijini hawana uwezo wa kusimamia fedha.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliondoa kamati na bodi za magavana, ikaleta chombo kimoja kwa shule zote za umma: bodi ya usimamizi, ambayo kila mtu huiita BOM. Wajumbe wake ni wazazi sita waliochaguliwa, wawakilishi watatu wa mdhamini, mmoja wa walimu, mmoja wa bodi ya elimu ya kaunti, mmoja wa makundi maalumu, mmoja wa watu wenye ulemavu na mahitaji maalumu, na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Chama cha wazazi nacho kikapata nafasi katika sheria, kila darasa likitoa mwakilishi wake. Kwenye karatasi, mzazi hajawahi kuwa na kiti kilichoandikwa wazi kama hiki.

Ila wajumbe wa BOM huteuliwa rasmi na bodi ya elimu ya kaunti, hata wale sita waliochaguliwa na wenzao, na nafasi kati ya kuchaguliwa na kuteuliwa inatosha kupitisha mengi. Wadhamini na wazazi wamevutana kuhusu uenyekiti. Wanasiasa wamegundua kuwa bodi ya shule ni mahali pazuri pa kumtunza wakala wa kampeni. Mkutano wa kuchagua hufanyika siku ya kazi, saa nne asubuhi, uwanjani. Anayeendesha bodaboda hukosa mapato ya siku nzima akikaa hadi mwisho, kwa hiyo mara nyingi huondoka kabla ya kura, na wanaobaki kupendekezwa na kuungwa mkono ni wastaafu, wenye maduka na wale ambao mwalimu mkuu alishawadokezea jana yake. Wapo miongoni mwao watu wa kujitolea kwelikweli. Lakini mwenye mtoto darasa la pili na kibarua cha kutwa ni nadra kumkuta hapo.

Na akikaa, ataamua nini? Kuanzia Januari 2018 serikali ilianza kununua vitabu yenyewe na kuagiza vipelekwe shuleni moja kwa moja na wachapishaji. Sababu ilikuwa nzuri: vitabu vilikuwa vikipotea, na lengo la kila mtoto kuwa na kitabu chake lilikuwa halifikiwi. Lakini ile kamati iliyokuwa ikibishana juu ya orodha ya vitabu ikabaki kupokea maboksi na kuyahesabu.

Kazi moja kubwa imebaki, na hakuna anayeitamani. Sheria inairuhusu BOM kuajiri wafanyakazi wasio walimu: mpishi, bawabu, karani. Ila kwa kuwa walimu wanaoajiriwa na tume hawatoshi, shule nyingi zina walimu wa BOM, vijana waliohitimu ambao hawajapata ajira ya serikali na hulipwa kutokana na michango ya wazazi. Sekondari ya msingi ya mtaala mpya, inayoanzia gredi ya saba, ilipowekwa ndani ya shule za msingi mwaka 2023, bodi hizo zilipewa pia wanafunzi wa gredi ya saba, maabara za kutafutwa, na walimu zaidi wa kuajiriwa. Fedha za serikali zikichelewa, kama zinavyochelewa mara kwa mara, mwalimu huyo haendi Nairobi kulalamika. Humwendea mwenyekiti, nyumbani kwake, jioni. Mwenyekiti hamkatalii, humwambia arudi baada ya mkutano wa wazazi, ambao ajenda yake ya kwanza itakuwa mchango.