Sligo-Leitrim: Jimbo lililovunjwa, kisha likarudishwa

Sligo-Leitrim ni jimbo la uchaguzi kaskazini-magharibi mwa Ireland, lenye viti 4 katika Dáil, baraza la chini la Bunge. Lilianza 1948.

Katiba inataka kila jimbo liwe na wabunge wasiopungua 3. Leitrim, kaunti yenye watu wachache kuliko zote nchini humo, haifikishi idadi hiyo, hivyo lazima iegemee jirani.

Kwenye uchaguzi wa 2007 ikakatwa vipande viwili: kaskazini ikabaki na Sligo, kusini ikaenda Roscommon. Kote kuwili wapiga kura wake wakawa wachache. Matokeo yake? Leitrim haikupata hata mbunge mmoja wa kwao. Ilipofika 2016, kaunti nzima ikarudi pamoja na Sligo.