Muziki Mpya kwenye Barabara ya Zamani: Kasese na Bwera tangu 1956

Desemba iliyopita, nikiwa likizoni kwa mjomba wangu Bwera, nilikwenda kusikiliza muziki katika ukumbi mdogo kando ya barabara iendayo Mpondwe. Jenereta lilinguruma nje. Ndani kulikuwa na spika mbili kubwa, meza moja na kijana mwenye kompyuta mpakato. Pembeni yake walikaa wazee wawili na endara, marimba ya Wakonzo ambayo vibao vyake hupangwa juu ya vigogo vya migomba. Wazee walipiga, kijana akanasa mlio wao kwa maikrofoni, akaukata vipande, akaurudiarudia na kuuongezea ngoma nzito za kompyuta. Tulicheza mpaka saa tano usiku. Rafiki yangu alinipigia kelele sikioni kwamba muziki wa namna hii haujawahi kusikika huku kwetu.

Asubuhi nilimsimulia mjomba wakati wa chai. Akacheka, akasema, "Haujawahi kusikika na nyinyi."

Insha hii imetokana na jibu hilo. Ninataka kuonyesha kwamba Kasese na Bwera zimepokea na kutengeneza muziki mpya kwa zaidi ya miaka sitini, na kwamba kila kizazi hudhani kimeanza upya kwa sababu muziki wa kizazi kilichotangulia haukuhifadhiwa. Nimetumia vitabu na makala nilizosoma chuoni, pamoja na masimulizi ya mjomba na ya majirani zake wawili wa rika lake.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mpaka kati ya Uganda na Kongo uliwekwa kwa mkataba wa mwaka 1910 baina ya Waingereza na Wabelgiji, nao uliwagawa watu wa lugha moja. Upande wa Uganda wanaitwa Wakonzo, upande wa Kongo wanaitwa Wanande au Wayira. Mto Lhubiriha unaopita Mpondwe ni mwembamba, na siku ya soko watu huuvuka kama wanaovuka barabara. Kwa hiyo nyimbo za Beni na Butembo hazikuhitaji kuagizwa kutoka nje. Zilikuja na shangazi, na wafanyabiashara, na waliokuja kuoa.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1956. Mwaka huo reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na mgodi wa shaba wa Kilembe, uliosimamiwa na kampuni ya Wakanada, ukaanza uzalishaji. Shaba ilisafirishwa kwa reli hiyo mpaka Jinja, ambako iliyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Wafanyakazi walitoka pande nyingi za Uganda na nchi za jirani. Kwa kuwa hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, Kiswahili kilitumika sana kambini, na ndiyo sababu familia yetu inakizungumza mpaka leo.

Babu mzaa mama alikuwa mmoja wa wachimbaji hao. Mjomba anasimulia kwamba kitu cha kwanza cha thamani ambacho babu alinunua kwa mshahara wake hakikuwa baiskeli bali gramafoni, na Jumamosi jioni majirani walikusanyika mlangoni kusikiliza gitaa za Kongo. Mkonzo, Mtoro, Mkiga na Mnyarwanda walicheza wimbo ambao maneno yake ya Kilingala hakuna aliyeyaelewa vizuri. Ninapofikiria ukumbi ule wa Bwera, naona tofauti ndogo tu. Sisi pia tulicheza sauti ambazo hatukujua zimetengenezwaje.

Wakati huohuo, juu milimani, kulikuwa na muziki wa aina nyingine. Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, Isaya Mukirane alitangaza serikali ya Rwenzururu, kwa madai kwamba Wakonzo na Waamba walikuwa wakidharauliwa ndani ya ufalme wa Toro. Harakati hizo hazikuwa na kituo cha redio, lakini zilikuwa na nyimbo. Watafiti Peter Cooke na Martin Doornbos waliandika makala kuhusu nyimbo za upinzani za Rwenzururu katika jarida la Africa mwaka 1982. Nilipoisoma niliona kwamba nyimbo zile zilifanya kazi ya gazeti na ya mkutano wa hadhara kwa pamoja. Hazikuhitaji studio, kibali wala mfadhili. Leo tukisema "muziki huru" tunamaanisha muziki usiotoka kwa kampuni kubwa. Kwa maana hiyo, waimbaji wa milimani walikuwa huru kuliko sisi tunaopakia nyimbo kwenye mitandao ya kampuni za Marekani.

Miaka ya 1970 ilileta bendi za Kongo zenyewe. Mfano unaojulikana zaidi ni Samba Mapangala, aliyevuka kutoka Zaire katikati ya miaka hiyo, akaunda kundi la Les Kinois nchini Uganda, kisha akahamia Nairobi mwaka 1977 na baadaye kuanzisha Orchestra Virunga. Virunga ni safu ya milima iliyoko kusini mwa kwetu, kwenye mpaka wa Kongo, Rwanda na Uganda. Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka bendi hiyo kama ya Nairobi, lakini safari yake kuelekea Nairobi ilipitia Uganda. Historia ya muziki huandikwa pale nyimbo ziliporekodiwa, na sehemu zilikopitia hufutika.

Kilembe ilipodorora na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mishahara ilikwisha na gramafoni ziliuzwa. Kilichobaki ni kaseti. Mjomba alipata kazi katika kibanda cha kunakili kaseti mjini Kasese. Alikuwa na redio-kaseti mbili zilizounganishwa kwa waya. Mteja alileta orodha ya nyimbo na kaseti tupu, akarudi kesho yake kuchukua. Mikanda ya asili ilitoka Butembo na Kampala. Mjomba pia alikuwa na tabia ambayo wenzake waliiona ni upotezaji wa muda. Palipokuwa na harusi yenye endara au eluma, alikwenda na kinasa sauti chake, akarekodi. Kwa miaka mingi alijaza sanduku zima la bati.

Nieleze kidogo kuhusu eluma, kwa sababu inahusu hoja yangu. Ni kundi la filimbi ambamo kila mpulizaji ana sauti yake moja tu. Mtu mmoja hawezi kupiga wimbo mzima. Wimbo unatokea pale kila mmoja anapoingia kwa zamu yake bila kuchelewa. Yule kijana wa Bwera alinionyesha kioo cha kompyuta yake baada ya onyesho. Palikuwa na safu za visanduku vidogo, kila safu ina sauti yake, na programu ilipita juu yake ikigusa kimoja baada ya kingine. Nilimwambia kwamba hiyo ni eluma. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hajawahi kuisikia eluma ikipigwa.

Alizaliwa baada ya usiku wa huku kufungwa. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka Zaire na kushambulia Mpondwe, na kwa miaka iliyofuata vijiji vingi vya Rwenzori viliishi kwa hofu. Majirani wa mjomba wanasema katika kipindi hicho harusi zilifanyika mchana na kumalizika kabla jua halijazama. Kundi la eluma linahitaji watu wengi na usiku mrefu wa kujifunza. Vijana walikimbilia mijini, wazee wakabaki na filimbi zisizotimia. Mwenye harusi akaona ni rahisi zaidi kumwita mtu mmoja mwenye kinanda cha umeme.

Jambo linalofanana na hilo lilitokea Gulu, kaskazini mwa Uganda. Wakati wa vita vya LRA na baada yake, kuliita kundi zima la wachezaji wa larakaraka kwenye harusi lilikuwa jambo la gharama. Wanamuziki kama Otim Alpha na mtayarishaji Leo Palayeng waliihamishia midundo ya harusi za Waacholi kwenye kompyuta. Albamu ya Otim Alpha, Gulu City Anthems, ilitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ileile iliyotoa mwaka huohuo mkusanyiko wa singeli wa Sounds of Sisso kutoka Dar es Salaam. Wasikilizaji wa Ulaya waliupokea kama muziki wa siku zijazo. Kwa watu wa Gulu ulikuwa muziki wa harusi uliopungukiwa na watu.

Tamasha la Nyege Nyege lilianza Jinja mwaka 2015. Baadhi ya wenzangu wa Kasese huweka akiba miezi kadhaa ili waende. Huwa nawakumbusha kwamba njia ya Kasese kwenda Jinja ndiyo iliyopitisha shaba ya babu zetu. Malighafi ilitoka huku, ikayeyushwa kule, faida ikaenda mbali. Silaumu tamasha hilo, kwa kuwa limewapa jukwaa watu ambao redio ziliwakataa. Mmoja wao ni Rey Sapienz, aliyekulia Bunia upande wa Kongo na ambaye muziki wake wa kielektroniki umetoka Kampala hadi nje ya bara. Hata hivyo, swali la shaba linabaki palepale: nani anaandikwa jina?

Swali hili kwangu si la nadharia. Wiki moja baada ya onyesho la Bwera, wimbo uliotengenezwa usiku ule ulianza kuzunguka kwenye simu. Mwenye duka la simu aliupakia kwenye memori kadi kwa shilingi chache, kama mjomba alivyokuwa akinakili kaseti. Faili lilikuwa na jina la kijana peke yake. Wazee wawili wa endara hawakutajwa. Nilikasirika, nikamwambia mjomba kwamba huu ni wizi. Alinitazama, akaniuliza, "Na mimi niliwalipa nani?"

Ni kweli. Katika miaka yote ya kibanda hakumlipa mwanamuziki hata mmoja. Alijua majina ya waliopiga kwenye harusi alizorekodi, lakini juu ya kaseti aliandika jina la bwana harusi tu, kwa sababu ndivyo wateja walivyoulizia. Na sanduku la bati halipo tena. Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika, kama ulivyofurika mwaka 2013, na nyumba yake ya Kilembe ilichukuliwa pamoja na vitu vyote. Ndipo alipohamia Bwera. Nilipomuuliza ni nyimbo zipi alizipoteza aliweza kunitajia kumi na moja, kisha akaacha.

Baadhi ya wanafunzi wenzangu husema kwamba muziki wa ngoma na harusi ni wa kupita, usiwekewe kumbukumbu kama hati za serikali. Sikubaliani nao. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alirekodi muziki sehemu nyingi za nchi hii mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Rekodi hizo ziko London na nakala zake ziko Makerere, hivyo mtafiti anaweza kusikia muziki wa Uganda wa wakati wa ukoloni vizuri kuliko muziki wa harusi za Kasese za mwaka 1990. Mzungu alikuwa na daftari. Mjomba alikuwa na kinasa sauti bora zaidi, lakini hakuwa na daftari.

Kuna sababu nyingine ya haraka. Onyesho la Bwera liliisha saa tano si kwa sababu watu walichoka. Juni 2023 wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya Mpondwe walishambuliwa usiku wakiwa mabwenini, na watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Tangu hapo wazazi wengi hawaruhusu watoto watembee usiku, na mwenye ukumbi hataki lawama. Usiku wetu unaweza kufungwa tena wakati wowote. Ukifungwa kabla hatujaandika kitu, wadogo zetu nao watadhani ndio wa kwanza.

Kabla ya kurudi chuoni nilikwenda nyumbani kwa wale wazee wawili. Niliandika majina yao, vijiji vyao, waliyemfuata katika kujifunza endara, na tarehe ya onyesho. Mmoja aliniuliza kama serikali italipa. Nilimwambia hapana. Akasema basi niandike pia jina la kaka yake, aliyepiga naye mpaka vita vilipowatenganisha, nami nikaandika. Kisha nilimtumia kijana wa kompyuta majina hayo kwa simu, bila maneno makali. Hakujibu siku ile. Siku tatu baadaye faili lilikuja upya, na safari hii lilikuwa na majina manne.