Sekhmet na Simba wa Njombe

Wamisri wa kale walimpa Sekhmet mwili wa mwanamke na kichwa cha simba jike. Jina lake maana yake ni "Mwenye Nguvu". Ndiye aliyeleta maradhi, na makuhani wake ndio waliotibu. Katika kisa chao mashuhuri, Ra, mungu wa jua, alimtuma awaadhibu wanadamu. Alipokwisha kuonja damu, hakuzuilika. Ikabidi pombe itiwe rangi nyekundu na kumwagwa mashambani. Akainywa akidhani ni damu, akalewa, na viumbe wakasalimika.

Kutoka Nile hadi Nyanda za Juu Kusini ni masafa marefu, wala kisa kimoja hakikuzaa kingine. Swali ndilo lililokuwa moja: simba anapoua kupita kiasi, ametumwa na nani?

Swali hilo liliwafika watu wa Njombe, wilaya iliyokuwa katika jimbo moja na Iringa na Mbeya, baina ya 1932 na 1947. Simba waliwala watu hata idadi ikakadiriwa kufikia 1,500. Yasemekana serikali ya kikoloni ilikuwa imepunguza wanyama wa porini ili kuzuia sotoka ya ng'ombe, na simba wakakosa mawindo. Wanakijiji walikuwa na jibu jingine. Walimtaja mganga Matamula Mangera, aliyevuliwa ujumbe, kuwa ndiye aliyewatuma simba hao kulipiza kisasi. Hofu ilikuwa kubwa hata wengi wakaogopa kuwataja simba kwa jina.

George Rushby, ofisa wa wanyamapori, aliwasaka pamoja na askari wake, wakaua simba 15, na mauaji yakakoma. Rushby aliona ni kazi ya bunduki. Wenyeji walisema ni kwa kuwa Matamula alirudishiwa cheo chake.

Hapo ndipo njia za visa hivi zinapoachana. Ghadhabu ya Sekhmet ilikuwa ya mbinguni. Aliombwa, akatolewa sadaka, na Farao Amenhotep wa Tatu akamchongea mamia ya sanamu. Huko Njombe ghadhabu ilipewa sura ya jirani, na dawa yake ikawa ni cheo. Mungu hutulizwa kwa ibada. Mwanadamu anayedhaniwa kutuma simba hutulizwa kwa madaraka, au huishi chini ya tuhuma isiyofutika. Simulizi hiyo imehifadhi jina la mwindaji na la mganga. Waliouawa wamebaki idadi.